Kuulizwa Tumeulizwa, Kujibiwa Bado

Nataka kuzungumzia namna wananchi tunavyoombwa maoni kuhusu kanuni za simu, na nitaanzia mbali kidogo. Agosti ya mwaka wa 2010 Wakenya tunaikumbuka kwa Katiba. Tarehe 4 tulipanga foleni kupiga kura, tarehe 27 Katiba ikazinduliwa Uhuru Park jijini Nairobi, na wazee wakasema nchi imezaliwa upya. Mwezi huohuo lilitokea jambo jingine lisilo na sherehe wala sikukuu, ila kwetu Mombasa lilibadilisha maongezi ya watu katika siku chache: bei ya kupiga simu iliporomoka. Kampuni ya Zain ilishusha bei hadi shilingi 3 kwa dakika, uwe unapiga mtandao wake au wa mwingine, na wenzake wakawa hawana budi kushusha pia. Watu waliozoea kubip, yaani kuita mara moja na kukata ili mwenye uwezo ndiye apige, wakaanza kuongea. Mama mmoja jirani yetu huko Kisauni, aliyekuwa akimbip mwanawe wa Nairobi kila Ijumaa, siku hiyo alikaa barazani akapiga mwenyewe. Aliuliza habari za kazi, za wajukuu, za mkwewe aliyekuwa mgonjwa, na hakuangalia saa hata mara moja.

Bei ile haikushuka kwa hisani ya mtu. Ilishuka kwa sababu Tume ya Mawasiliano ya Kenya, mdhibiti wa kampuni za simu ambaye sasa huitwa Mamlaka ya Mawasiliano, ilikuwa imekata kwa nusu ada moja ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Ni ada ambayo kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpigiwa kwa kuipokea simu. Ukipiga kutoka mtandao mdogo kwenda mtandao mkubwa, mdogo anamlipa mkubwa, na kwa kuwa jamaa zako wengi wako kwa mkubwa, fedha hutiririka upande mmoja. Ada ikiwa juu, kampuni ndogo haiwezi kuuza dakika kwa bei nafuu hata ikitaka, maana kabla haijapata senti yake imekwisha kumlipa mpinzani. Ndiyo sababu moja ya watu wengi kutembea na laini mbili mfukoni. Si anasa. Ni hesabu.

Katiba iliyozinduliwa mwezi ule iliweka katika Kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya taifa, kushirikishwa kwa wananchi katika maamuzi ya serikali. Lakini ada ile ilipunguzwa bila mwananchi kuwa na kiti mezani. Tulinufaika nayo kama shamba linavyonufaika na mvua: ikinyesha tunashukuru, isiponyesha hatuna wa kumuuliza. Na mvua ile haikuchelewa kukatika. Ratiba iliyotangazwa ilikuwa ada iendelee kushuka kila mwaka hadi ifike senti 99, lakini mwaka wa 2011, kabla ya awamu ya pili kuanza, ilisimamishwa baada ya baadhi ya kampuni kulalamika na serikali kuingilia kati. Nani aliulizwa kabla ya kusimamishwa? Mama wa Kisauni hakuulizwa. Hakujua hata kwamba kuna kitu kimesimama.

Hii ndiyo kadhia ninayotaka kuizungumza leo, kwa sababu kazi ya kuzitengeneza upya sheria na kanuni za mawasiliano nchini mwetu imekuwa ikiendelea kwa vipande kwa miaka kadhaa, na kila kipande huja na tangazo la kuwaomba wananchi watoe maoni. Kanuni nyingi zinazosimamia simu zetu zilitungwa mwaka wa 2010: za kumlinda mtumiaji, za kuunganisha mitandao, za bei, za ushindani wa haki, za leseni na ubora wa huduma. Kisha mwaka wa 2013 ikaja sheria inayohusu kanuni zote zinazotungwa na mawaziri na mamlaka za serikali, nayo inasema mambo mawili yenye uzito. Kwanza, anayetunga kanuni sharti ashauriane na watakaoguswa nayo. Pili, kila kanuni ina umri wa miaka 10, ukipita inakufa isipoongezewa muda au kutungwa upya. Kwa hiyo hatuzungumzii hiari ya ofisi fulani iliyoamua kuwa karimu. Sheria yenyewe inalazimisha mambo yafunguliwe na watu waulizwe.

Na kweli zimezeeka. Zilipotungwa, M-Pesa ilikuwa na miaka mitatu tu, na kazi yake kubwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani. M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, ilikuja mwishoni mwa 2012, Fuliza, ya kukopeshwa salio lisipotosha, ikaja 2019. Hakuna aliyekuwa akipiga simu kwa WhatsApp. Setilaiti zinazozunguka karibu na dunia na kuleta intaneti moja kwa moja hadi paa la nyumba hazikuwepo. Starlink, mojawapo ya huduma hizo, ilianza kuuza huduma Kenya mwaka wa 2023. Mtu anayekatwa fedha za mkopo kwenye salio lake leo hajui aende kulalamika Benki Kuu, kwa Mamlaka ya Mawasiliano au kwa Mamlaka ya Ushindani, na kila mlango anaobisha una haki ya kumwambia si hapa. Kwa hiyo sipingi kanuni mpya. Nazitaka. Ninachokataa ni namna tunavyoulizwa.

Tangazo hutoka gazetini na kwenye tovuti. Kuna waraka wa kurasa nyingi, na mara nyingi kuna jedwali la kujazwa: namba ya kifungu, maoni yako, pendekezo lako la maneno, sababu zake. Unapewa siku kadhaa, kwa kawaida kama 30, utume kwa barua pepe. Waraka ni wa Kiingereza. Si Kiingereza cha gazeti, ni Kiingereza cha mawakili, chenye sentensi inayoanza ukurasa mmoja na kumalizikia ukurasa wa pili. Katiba yetu, Kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa mara mbili, lakini kwenye jedwali la maoni hakina hata safu moja.

Mtu ataniambia Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na mara zote kutoka kwa mtu ambaye hajajaribu. Nimekwisha kuieleza ada ya kuunganisha simu hapo juu kwa sentensi chache, na msomaji wa Lamu na wa Busia wameielewa. Wenzetu wa Tanzania mwaka wa 2021 walibadilisha sheria yao ya tafsiri ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kazi ya kutafsiri yote yaliyotangulia ni kubwa na haiishi mara moja, lakini mwelekeo wameshauweka, na neno la kitaalamu huzoeleka kwa kutumiwa. Hata hilo neno bando, mwaka wa 2005 nani alilijua?

Lakini lugha, pamoja na uzito wake, si kiini cha ugonjwa. Kuna linalotangulia lugha, nalo ni swali lenyewe. Waraka wa maoni humuuliza mwananchi kama anakubaliana na kifungu kilichokwisha kuandikwa. Mwananchi hakuja na kifungu. Amekuja na tatizo: dakika nilizonunua asubuhi zimekwisha jioni na sikuongea, nimepokea ujumbe wa kamari ambao sikuuomba, mtoto ana mtihani na bando limekwisha muda wake likiwa na nusu, kijiji chetu unapata mtandao ukipanda mlimani. Nilihudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni katika mji mmoja wa pwani, ukumbi mzuri, chai na sambusa zipo. Mwanamke wa makamo, mwuza samaki, alisimama akaeleza kwa Kiswahili safi jinsi salio lake linavyokatwa kila wiki kwa huduma asiyoijua jina, na akauliza nani amemruhusu huyo mtu kuingia mfukoni mwake. Aliyekuwa akiongoza alimshukuru kwa upole, akasema hoja yake ni nzuri ila haihusiani na vifungu vinavyojadiliwa siku hiyo. Yule mama aliketi. Karani hakuandika kitu, nilikuwa nyuma yake, niliona.

Hoja ile ilikuwa inahusiana sana. Ilikuwa ni hoja ya ridhaa: je, kampuni ikate fedha kwa kuwa mteja hakukataa, au isikate mpaka mteja akubali? Hilo ni swali la msingi katika kanuni yoyote ya kumlinda mtumiaji, na mwuza samaki alikuwa ameliuliza vizuri kuliko waraka. Kilichokosekana ni mtu wa kulipokea, alichukue swali la sokoni na kulipeleka kwenye kifungu. Kazi hiyo ni ya ofisi inayouliza. Tumeigeuza, tukamtwika mwuza samaki ajifunze kuongea kama wakili.

Sasa fikiria asiyefika hata ukumbini. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa mwaka wa 2016 ulikuta kata ndogo 164 ambazo hazikuwa na mawimbi ya simu kabisa, na nyingi zilikuwa upande wa kaskazini kame. Tangu hapo minara imejengwa, kwa msaada wa mfuko wa huduma kwa wote ambao kampuni huchangia nusu asilimia ya mapato yao. Ila kwa miaka yote hiyo, tangazo la kuomba maoni kuhusu jinsi mfuko ule utumike lilikuwa likiwekwa kwenye intaneti. Yule ambaye mfuko uliundwa kwa ajili yake alitakiwa kwanza apate mtandao ndipo aseme hana mtandao. Sioni ugumu wa kulisoma tangazo hilo kwenye baraza la chifu, au kwenye redio za kijamii zinazosikika Turkana, Marsabit na Tana River kwa lugha za watu wenyewe. Serikali ikitaka kuhesabu watu, mlango kwa mlango hufika. Ikitaka kuwachanja watoto, hufika.

Mahakama zetu zimelisema hili waziwazi. Mwaka wa 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT dhidi ya Wizara ya Afya, Mahakama ya Juu iliweka misingi: kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli, si kiini macho, watu wapewe taarifa wanazoweza kuzielewa na nafasi ya kutosha ya kusema, na hata hivyo si lazima kila maoni yakubaliwe. Naiheshimu sehemu hiyo ya mwisho. Mimi sidai kwamba Mamlaka ifanye kila nitakalosema. Nadai kitu kidogo kuliko hicho, na kinachokosekana zaidi: ijibu. Iseme, tulipokea maoni kadhaa ya kupinga bando kuisha muda, tuliyapima, tumeyakubali kwa sababu hii au tumeyakataa kwa sababu ile. Iyaweke hadharani kwa jina la kundi lililoyatoa, kampuni kando, wananchi kando, ili ionekane nani alisikilizwa.

Maana kampuni zinajibiwa, hata nje ya vikao vya maoni. Rudi kwenye ada ya kuunganisha simu. Baada ya kukwama na kuchelewa, ilifika senti 99 na ikakaa hapo miaka mingi. Desemba 2021 Mamlaka ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2022 itakuwa senti 12. Safaricom, yenye zaidi ya asilimia 60 ya laini zote nchini na hivyo mpokeaji mkubwa wa ada hiyo, ikalipeleka suala kwenye jopo la rufaa za mawasiliano. Utekelezaji ukasimama, mazungumzo yakafanyika, na kuanzia Agosti 2022 ikawa senti 58. Machi 2024, baada ya utafiti wa gharama, ikashuka hadi senti 41. Siilaumu kampuni kwa kutumia haki yake ya rufaa. Sheria imeiwekea mlango na imeutumia. Ninachotaka msomaji akione ni umbali uliopo kati ya 12 na 58. Umbali huo ulizungumzwa baina ya mdhibiti na kampuni, na mlipaji wa mwisho, ambaye ni wewe, hukuwa chumbani.

Tanzania waliifikia ada hiyohiyo kwa njia nyingine. Mamlaka yao, TCRA, ilitoa uamuzi mwaka wa 2017 wenye ngazi za miaka mitano: shilingi 15.60 za Tanzania mwaka wa 2018, kisha 10.40, 5.20, 2.60, na 2 mwaka wa 2022. Kila kampuni ilijua mapema itakachopoteza au kupata, na ratiba ikafuatwa. Lakini nisiwasifu kupita kiasi, kwa sababu mwaka uliotangulia ngazi ile ya mwisho wao pia walipata somo lao. Kanuni ndogo za vifurushi zilitungwa kwa nia ya kujibu malalamiko ya wateja, na zilipoanza kazi Aprili 2021 wateja walijikuta wananunua data kwa bei ya juu kuliko jana yake. Kelele zilikuwa kubwa hata serikali ikaagiza bei za awali zirudi. Watu walilalamikia utaratibu wa vifurushi, hawakuomba walipe zaidi. Kama kanuni ile ingewekwa mezani ikiwa na mfano mmoja tu, kwamba kifurushi unachonunua leo kwa kiasi hiki kesho kitakuwa kiasi hiki, lile swali lingejibiwa mtaani kabla halijafika madukani.

Hapo ndipo napata ushauri wangu mmoja ulio mahususi kabisa. Kila kanuni inayopendekezwa iambatanishwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoonyesha, kwa shilingi, mambo yatakavyokuwa kwa watu wa aina tofauti: mwanafunzi wa bando la siku, mwendesha bodaboda wa laini mbili, mwenye duka la wakala, mfugaji anayesubiri mnara. Sheria ya 2013 tayari inataka maelezo ya athari za kanuni yatayarishwe pale ambapo kanuni itawaletea watu gharama kubwa. Yatayarishwe basi kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya faili.

Najua jibu ambalo wataalamu hulitoa wakisikia haya. Masafa ya redio, gharama za mitambo, mikataba ya kuunganisha mitandao ni mambo ya kihandisi na kiuchumi. Mwananchi wa kawaida atachangia nini? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Hakuna haja ya kupiga kura kuhusu masafa. Lakini kuna mfano wa hapahapa Kenya unaonizuia kuikubali yote. Vijana wa Kibera walianzisha mtandao wao wa jamii, TunapandaNET, wakiunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya paa. Kule Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, jamii nyingine ilifanya vivyo hivyo. Sheria haikuwa na jina la kuwaita. Hawakuwa kampuni ya simu, na leseni za kampuni ya simu zilikuwa nje ya uwezo wao. Wao na mashirika yaliyokuwa yakiwaunga mkono walikwenda kwa Mamlaka, wakaeleza wanachofanya na kinachowakwamisha, rasimu ikaandikwa, ikafunguliwa kwa maoni, na mwaka wa 2021 Kenya ikawa na utaratibu wa leseni mahususi kwa mitandao ya jamii, yenye ada ndogo. Mhandisi hakupungukiwa na kitu. Alipata kanuni inayofanana na nchi anayoihudumia.

Tofauti iko wapi? Watu wale waliingia mwanzoni. Walikuja na tatizo kabla hakujawa na kifungu, na Mamlaka, lazima niiseme hii kwa haki yake, iliwasikiliza. Uwezo upo, basi. Unatumiwa kwa nadra.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wanaharakati wenzangu hawapendi nikiutaja. Hoja kwamba umma haukushirikishwa ni silaha anayoweza kuishika yeyote, pamoja na asiyejali umma hata kidogo. Kanuni yoyote inayomuumiza mwenye nguvu inaweza kupelekwa mahakamani kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa, na mwenye kuilipia kesi akawa ndiye aliyezungumza na serikali kuliko wananchi wote. Ushirikishwaji dhaifu ni zawadi kwa anayetaka kuchelewesha. Kwa hiyo hata mdhibiti ambaye haguswi na maneno yangu kuhusu haki za mama wa Kisauni, aguswe na maslahi yake mwenyewe.

Aitazame kesi ya mtambo wa kutambua simu bandia. Mwaka wa 2017 Mamlaka iliziandikia kampuni za simu barua kuzitaka ziruhusu mtambo huo uunganishwe kwenye mitandao yao. Lengo lililotajwa lilikuwa kuondoa simu ghushi. Watu wakauliza: utaweza kuona namba ninazopiga? Utasikiliza? Barua hazikuwa na jibu, kwa sababu hazikuandikiwa watu. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikauzuia mpango kwa kuhofia faragha na kwa sababu umma haukushirikishwa. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na palepale ikaagiza miongozo ya mtambo ipitishwe kwa maoni ya umma. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa ya Chama cha Wanasheria. Mamlaka ilishinda. Ilishinda baada ya miaka sita, na ikarudishwa kwenye hatua ambayo ingeanza nayo mwaka wa 2017 kwa gharama ya vikao vichache na maelezo ya kurasa mbili: mtambo huu unasoma namba ya kifaa, hausomi maneno yako, na huyu ndiye atakayewajibika ukitumiwa vibaya.

Swali la setilaiti linakuja kwa mwendo huohuo. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka barua ikishauri kwamba watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea bali wafanye kazi kupitia kampuni zilizopo nchini. Zipo hoja nzito pande zote: usalama wa taifa, masafa kuingiliana, ajira, kodi, na kwa upande wa pili shule ya Wajir ambayo haijawahi kuunganishwa na mtu yeyote. Mimi naegemea upande wa shule. Lakini tazama mpangilio wa mazungumzo. Kampuni iliandika barua na taifa zima likaijadili. Mwalimu mkuu wa shule ile akiandika barua yake itakuwa safu moja kwenye jedwali, na huenda asijue kamwe kama ilisomwa.

Nilimtembelea yule jirani wa Kisauni mwaka jana. Amezeeka, na mwanawe sasa humpigia kwa video. Nilimsomea kwa Kiswahili, kwa kutafsiri nikiwa hapohapo mkekani, sehemu ya waraka mmoja wa maoni kuhusu ulinzi wa watumiaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akatoa maoni matatu. Bando lisife likiwa na salio. Anayetaka kukata fedha apige simu kwanza aombe. Na mwenye malalamiko ajibiwe na mtu, kwa siku zinazojulikana. Niliyaandika kama alivyoyasema, nikayatia kwenye jedwali, safu kwa safu, nikayatuma kwa barua pepe siku mbili kabla ya mwisho. Kila nikipita kwake huniuliza kama wamejibu.